Mume wangu anataka tuingie kwenye kipindi cha kubadilishana kina mama. Tukubali?

"Mimi na mume wangu tuna watoto wawili, wa kike miaka 13 na wa kiume miaka 7. Kwa miaka mingi tumekuwa tukitazama Wife Swap, ya Uingereza na ya Marekani, na kila tukimaliza tunabishana. Mimi napenda nyumba iende kwa ratiba: saa ya kula inajulikana, saa ya kulala inajulikana, viatu vinapangwa mlangoni kuanzia vikubwa hadi vidogo. Mume wangu anasema nimegeuza nyumba kambi ya jeshi. Mwezi uliopita, bila kuniambia, alijaza fomu ya kampuni inayotafuta familia za kipindi cha namna hiyo. Wamepiga simu. Dada aliyepiga alikuwa mchangamfu, tumeongea karibu saa nzima, ila kilichonishangaza ni kwamba aliniuliza habari za viatu mara tatu. Mume wangu anasema sasa dunia itaona nani ana haki. Mdogo anataka. Mkubwa amejifungia chumbani, anasema hao watu wakija yeye hatatoka. Mimi nusu nataka kumwona mwanamke mwingine akihangaika na mume wangu wiki nzima, nusu naogopa. Je, tunayoyaona kwenye vipindi hivi ni ya kweli? Na tukikubali, kuna ubaya gani?"

Dada, nianze na viatu.

Nimekaa miaka mingi kwenye chumba cha uhariri nikikata na kuunga picha za vipindi vya uhalisia, kwa hiyo simu uliyopigiwa naijua. Yule dada mchangamfu kazi yake ni kutafuta familia. Akikata simu anaandika karatasi fupi kuhusu nyinyi ampelekee mtayarishaji, na juu ya karatasi hiyo huwa kuna sentensi moja ya kuwatambulisha. Ya kwenu imeshaandikwa: mama anayepanga viatu kwa ukubwa. Ndiyo maana alirudi pale mara tatu. Alikuwa anataka uhakika kwamba viatu vinapangwa kila siku, kwamba wewe mwenyewe ndiye unayevipanga, na kwamba mtu akivivuruga utakasirika. Hilo la tatu ndilo lililompa furaha.

Sisemi hivyo kumsengenya. Wengi wa watu hao ni waungwana, na uchangamfu wao si wa kuigiza. Nataka tu ujue kwamba katika saa nzima ya mazungumzo, huenda ulisema mengi mazuri kuhusu nyumba yako ambayo hayakufika kwenye karatasi.

Sasa swali lako la kwanza, kama ni kweli. Watu wengi wanaamini vipindi hivi huandikwa kama tamthilia, kwamba kuna mtu anawapa wahusika maneno ya kusema. Kwa niliyoyaona mimi, mara nyingi sivyo, wala hakuna haja. Machozi unayoyaona ni machozi, na mama anayefoka jikoni amekasirika kwelikweli. Ila yupo mtu aliyepanga mazingira ambamo mtu yeyote angekasirika, na yupo mwingine, kama mimi, aliyechagua dakika ishirini kati ya siku kumi na nne.

Chukua hiyohiyo Wife Swap mnayoitazama. Ilianza Channel 4 ya Uingereza Januari 2003, ikitengenezwa na kampuni ya RDF Media, na aliyeibuni ni Stephen Lambert. Mwaka 2004 ikaingia kituo cha ABC cha Marekani. Toleo la Marekani lina muundo ambao naamini mmeshaukariri: kila mama anaandika kitabu cha nyumba yake, jinsi anavyopika, anavyolea, anavyosafisha. Mgeni akifika anakisoma, na wiki ya kwanza anaishi kwa kanuni za mwenye nyumba. Wiki ya pili anawakusanya wote na kutangaza kanuni zake mwenyewe, nao wanatakiwa kutii. Mwisho, wanandoa wote wanne wanakaa mezani kuambiana.

Angalia kilichoondolewa hapo. Nyumbani kwako akija wifi yako kukaa wiki mbili, siku ya kwanza hiyohiyo atasema, "Jamani, mimi kula saa moja siwezi, nitakula baadaye." Wewe utanuna kidogo, kisha utamfunikia chakula chake. Yamekwisha. Ndivyo watu wenye desturi tofauti wanavyoishi nyumba moja: kwa vijisuluhu vidogo vidogo vya dakika mbili mbili, kutwa kucha. Muundo wa kipindi umeviziba vijisuluhu hivyo vyote. Wiki ya kwanza mgeni haruhusiwi kupinga, anameza. Wiki ya pili wenyeji ndio hawaruhusiwi, na mgeni ana wiki nzima ya hasira aliyoilimbikiza. Usishangae sahani zikirushwa.

Kisha familia zenyewe hazichaguliwi kwa kubahatisha. Anayepanga viatu hapelekwi kwa jirani yake anayevipanga nusu nusu. Anapelekwa nyumba ambayo mbwa analala kitandani na watoto wanakula wakitaka. Mtazamaji anabaki na picha kwamba duniani kuna aina mbili tu za nyumba, kambi na soko, na kwamba lazima uchague. Nadhani ndipo ubishi wenu wa kila wiki unapozaliwa. Mumeo anakuona wewe kwenye ile kambi, wewe unamwona yeye kwenye lile soko, na hakuna kati yenu anayeishi huko.

Halafu inakuja kwetu, wahariri. Kipindi cha saa moja cha televisheni ya kibiashara, ukitoa matangazo, hubaki dakika arobaini na kitu. Zigawe kwa nyumba mbili. Chukulia kamera zinawaka saa nane tu kwa siku kwa siku kumi: nyumba moja inatoa saa themanini za picha ghafi, na mimi natakiwa kubakiza theluthi ya saa. Hata ningekuwa malaika, hiyo si nyumba yenu tena. Suala hili si geni. Mwaka 1971 televisheni ya umma ya Marekani ilipeleka kamera kwa familia moja ya Santa Barbara, California, kwa miezi saba. Wakarudi na picha za saa kama 300, zikawa vipindi 12 vilivyoonyeshwa mwaka 1973 kwa jina An American Family. Mama wa nyumba ile alimwambia mumewe mbele ya kamera kwamba anataka waachane. Kipindi kilipotoka, familia ililalamika kwamba walivyounganishwa sivyo walivyoishi, na hiyo ilikuwa kazi ya kiungwana, isiyo na mashindano wala kanuni za wiki ya pili.

Nikupe mfano wa mkono wangu mwenyewe, ingawa siutaji kwa fahari. Kipindi sitakitaja. Mama mmoja alikuwa amekaa mezani na mgeni wake. Nje gari likapiga honi, akageuza macho dirishani, akayarudisha. Sekunde mbili. Nikaitoa ile honi, nikayachukua yale macho na kuyabandika mahali pengine kabisa, baada ya mgeni kusema kwamba watoto wa nyumba hii hawana adabu. Ghafla yule mama akawa amemdharau mgeni. Hakusema neno, na mimi sikumwekea neno. Mtayarishaji alipita nyuma yangu akasema, "Hapo sawa." Nilipoanza kuona watu wakimwita mama huyo mwenye jicho baya, nilijua jicho lile lilikuwa la honi.

Na maneno nayo hushonwa. Mtu anayehojiwa peke yake mbele ya kamera huombwa avae nguo ileile kila mahojiano, ili sentensi ya siku ya pili iweze kuungwa na ya siku ya tisa bila mtu kugundua. Usiku wa leo mkitazama, fanya hivi: mtu akianza kusema na sura yake ikaondoka kwenye skrini huku sauti ikiendelea, sikiliza kwa makini. Ukisikia sauti imepanda au kushuka ghafla katikati ya sentensi, au mlio wa chumba umebadilika, hapo pana sindano na uzi. Wakati mwingine saa ya ukutani nyuma yake inarudi nyuma dakika arobaini kati ya swali na jibu. Mwanangu mwenyewe huwa anazitafuta hizo saa kuliko anavyofuatilia ugomvi.

Kwa hiyo mumeo anaposema dunia itaona nani ana haki, mwambie kwa upole kwamba amekosea mlango. Anachotaka yeye ni hakimu. Amekuambia mara nyingi kwamba ratiba zinamchosha, hajasikilizwa, au ameona hajasikilizwa, na sasa anatafuta mtu wa nje wa kumuunga mkono. Na wewe, samahani, unatafuta kitu hichohicho: umesema unataka mwanamke mwingine ahangaike naye wiki moja ili ajue unavyopata tabu. Mna kesi moja, mnagombania shahidi mmoja. Huyo shahidi analipwa na mtu wa tatu ambaye akiona mmepatana siku ya tatu atapata hasara.

Hata umiliki wa mambo haya unaeleza kitu. Mwaka 2004 kituo cha Fox cha Marekani kilitangulia kuonyesha kipindi chake cha kubadilishana wazazi, Trading Spouses, kabla ABC haijaanza Wife Swap. RDF ikaenda mahakamani ikidai kuigwa. Kampuni mbili kubwa zilikuwa zinagombania muundo, yaani kalibu. Familia ndizo zinazomiminwa ndani ya kalibu hiyo kila wiki, nyingine zinatoka, nyingine zinaingia.

Nikiishia hapo nitakuwa nimekudanganya kwa upande mwingine, kwa sababu wapo waliofaidika, na nimekutana nao. Mgeni anayeingia nyumbani huona vitu ambavyo wenyewe mmevizoea mpaka havionekani. Baba aliyekuwa hajui binti yake anaanza saa ngapi masomo ya ziada amewahi kulia mezani kwa aibu, na nilivyosikia aliporudi kwake alibadilika. Vipindi vya mwanzo vya Uingereza hasa vilikuwa na macho makali juu ya nani anafanya kazi za nyumbani na nani anakaa tu, na sidhani kama kuna hotuba ingewafanya wanaume wengi waone hilo kwa haraka namna ile. Pesa nazo zipo katika baadhi ya matoleo, ingawa si yote na si nyingi kama watu wanavyodhani ukizigawa kwa miaka ambayo picha zitaendelea kuzunguka.

Miaka hiyo ndiyo inayonifikisha kwa binti yako, na hapa sina mzani wa kupima pande mbili.

Mtoto wa miaka 13 amejifungia chumbani kwa sababu ameelewa kitu ambacho nyinyi watu wazima mnakizungukazunguka. Yeye kesho yake ataingia darasani. Kuna mvulana mdogo aliyefoka kuhusu chakula kwenye toleo la Marekani, dakika chache tu za hasira ya kitoto, na zaidi ya miaka kumi baadaye vipande vile bado watu wanarushiana kwenye simu. Sahihi ni ya mzazi, lakini anayeishi na matokeo ni mtoto. Waingereza waliliona hilo. Kanuni za Ofcom, chombo kinachosimamia utangazaji huko, zinataka ustawi wa mwili na wa moyo wa mhusika aliye chini ya miaka 18, pamoja na heshima yake, viangaliwe hata kama yeye na wazazi wake wameshakubali. Ona uzito wa hayo maneno: hata kama wazazi wamekubali. Mwaka 2021 wakaongeza kanuni za kuwalinda wahusika watu wazima pia. Marekani mambo hutofautiana jimbo kwa jimbo. Pennsylvania, kwa mfano, ilibadili sheria yake ya ajira za watoto mwaka 2012 ikavigusa na vipindi vya uhalisia, baada ya watu kubishana kwa muda mrefu kama mtoto anayepigwa picha akiishi kwao yuko kazini au yuko nyumbani tu. Mahali pengi swali hilo halijajibiwa hadi leo.

Mdogo wa miaka 7 anataka, najua. Miaka 7 anataka pia kuishi na tembo. Mapenzi yake si ruhusa.

Ushauri wangu, basi: kama binti yako anasema hapana, jibu kwa kampuni ni hapana. Usimshawishi, usimwahidi zawadi, na usikubali ule ujanja wa "yeye hatutamwonyesha sana." Nimekuwa kwenye chumba ambamo ahadi hiyo ilitolewa. Mtoto anayejificha kamera ndiye kamera inayemtafuta, na mlango uliofungwa ni picha nzuri kuliko mtoto anayekula uji.

Ikitokea amefungua mlango mwenyewe, kwa hiari yake, na nyinyi wawili bado mnataka, msitie sahihi kitu chochote kabla wakili hajakisoma. Wakili wenu, si wa kampuni. Mikataba ya aina hii kwa kawaida inaipa kampuni haki ya kuhariri itakavyo, kuzitumia picha popote duniani bila kikomo cha muda, na kwenye vyombo ambavyo hata havijabuniwa. Mingi inawanyima nafasi ya kukiona kipindi kabla hakijatoka, na inawafunga mdomo msieleze kilichotokea nyuma ya pazia. Muulizeni wakili mkibadili mawazo siku ya nne nini kitatokea, mtoto akitaka kutoka katikati anatokaje, na vile vipande vifupi vya mitandaoni vinahesabiwa kuwa sehemu ya kipindi au la. Kampuni nayo iulizeni ni nani, kwa jina na namba ya simu, atakayewaangalia baada ya kipindi kuonyeshwa. Wengi wana mwanasaikolojia wa kuwapima kabla ya kuanza. Wachache wana wa kuwapokea mkimaliza, na huko mbele ndiko watu huumia, siku ile maoni ya wasiowajua yanapoanza kumiminika. Wakijibu "tutaangalia," mmeshajibiwa.

Kuhusu kesi yenu ya ndoa, mimi ni mhariri wa picha, nisijifanye mshauri. Lakini kuna jambo nitalisema. Mumeo alijaza fomu ya kuileta kamera nyumbani bila kukuambia, na wewe umeandika aya nzima bila kusema kama ulimuuliza kwa nini. Hilo ni kubwa kuliko viatu. Mkilizungumza wenyewe mkaelewana, vizuri. Mkiona mnarudia maneno yaleyale kila mara, au binti ameacha kula nanyi, halali vizuri, hataki shule, tafuteni mshauri wa familia mkae naye ana kwa ana, na mtoto apate wake wa kuongea naye. Na kama ndani ya hayo maneno "kambi ya jeshi" kuna vitisho, au kuna mtu anamwogopa mwenzake, basi sahau kabisa habari ya televisheni, usisubiri mwaliko wa kikao, tafuta msaada mara moja kwa watu wanaoshughulikia hayo.

Kama hakuna la kutisha, na kinachowauma ni udadisi tu wa kuona maisha ya upande wa pili, mnaweza kubadilishana bila kuhama. Wiki moja yeye ashike ratiba yako yote, pamoja na kuamsha watoto na kupanga hivyo viatu. Wiki inayofuata wewe uishi kwa namna yake, na usivipange hata ukivikanyaga gizani. Tofauti na televisheni, ruhusuni kusimama katikati ya wiki na kusema, "Hapa nimeshindwa, tufanye nusu nusu." Nawahadharisha kwamba haitapendeza kutazama.

Yule dada atapiga tena, pengine wiki hii, maana orodha zao zina tarehe. Kabla hajapiga, gonga mlango wa binti yako na umsomee barua uliyoniandikia, ajue umeiona hofu yake. Na simu ikija, muulize huyo mchangamfu swali moja tu: kama viatu vyetu vingekuwa vimetupwa hovyo kama vya watu wengine, mngetupigia?